Pikapu za dizeli za kuvuta matela mazito: ipi inunuliwe kwanza na mkazi wa Dar es Salaam

Mnunuzi anayetafuta pikapu ya kuvuta tela hapa Dar es Salaam huanza kwa kuuliza injini ina nguvu kiasi gani, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni mzigo utakuwa na uzito gani ukijumlishwa na tela lenyewe. Kijiko kidogo cha kuchimbia mitaro chenye tani 2.5, kikipandishwa juu ya tela la chuma la kilo 700 pamoja na ndoo zake za ziada na madumu ya dizeli, kinakaribia tani 3.4. Hapo pikapu nyingi za sokoni kwetu zinakuwa zimefika ukingoni, kwa kuwa kikomo kinachotajwa na watengenezaji wake ni kilo 3,500 kwa tela lenye breki na kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki. Matela mengi ninayoyaona yakichomelewa katika gereji za mitaani hayana breki kabisa. Niliwahi kuteremka mlima Kitonga nikivuta jenereta juu ya tela la namna hiyo, na niliposimama chini ya mlima, maji niliyomwaga kwenye ringi za mbele yalichemka na kukauka palepale. Kwa hiyo gharama ya breki za tela ihesabiwe ndani ya bei ya gari tangu siku ya kwanza.

Jambo la pili ni uzito unaolalia kiungo cha tela, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa asilimia 10. Tela la tani 3.5 hukandamiza nyuma ya gari kwa kilo 350 hivi, na kilo hizo hutolewa katika uwezo wa bodi kubeba, pamoja na abiria, spea na kila kitu ulichopakia.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota Land Cruiser 79, ingawa si kila toleo lake. Chasisi yake ni nzito, ekseli zake zote mbili ni za kipande kimoja, na springi zake za nyuma zimekusudiwa kubeba zaidi ya tani moja. Injini ya 1HZ ya lita 4.2 inafahamika kwa mafundi wa mikoa yote, nami naiheshimu sana, lakini haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) na nguvu yake ya mzunguko, ambayo ndiyo ya kuvutia mzigo, ni takribani nyutoni-mita (Nm) 285, hivyo ukiwa na tani 3 nyuma utapanda milima kwa gia ya chini na mwendo wa lori lililojaa. Inamfaa anayevuta polepole ndani ya maeneo ya ujenzi. Anayesafiri mara kwa mara kwenda Iringa au Mbeya atafute ya V8 (silinda nane) ya lita 4.5 yenye Nm 430, au toleo jipya la lita 2.8 lenye Nm 500. Anayeagiza gari lililotumika Japani awe mwangalifu, kwa sababu Land Cruiser 79 zilizouzwa huko mwaka 2014 na 2015 zina injini ya petroli ya lita 4.0.

Ya pili ni Isuzu D-Max ya lita 3.0, na kwa mwenye bajeti ya wastani hii ndiyo ningemshauri bila kusita. Toleo jipya lina Nm 450, na injini za familia hiyohiyo hufungwa kwenye malori madogo ya Isuzu, kwa hiyo fundi aliyezoea malori haikuti ikiwa ngeni kwake. Injini kubwa isiyokamuliwa sana huvumilia safari ndefu yenye mzigo, na kwa mtu anayeishi kwa kuvuta, uvumilivu huo una thamani kuliko kasi.

Toyota Hilux ya lita 2.8 inafuata. Spea zake ni rahisi kupatikana na soko lake la kuuzia tena halina mpinzani. Hata hivyo wanunuzi wengi wa kwetu hupenda gia za mkono, na katika toleo lililoboreshwa mwaka 2020 gari la gia za mkono lina Nm 420 wakati la otomatiki lina Nm 500. Kwa kuvuta, chagua otomatiki.

Ford Ranger ya V6 ya lita 3.0 ina Nm 600 na kwa nguvu inaongoza kundi hili, lakini naiweka ya nne kwa ajili ya upatikanaji wa spea na mafundi ukishatoka nje ya jiji.

Pikapu kubwa za Marekani, kama Ford F-350 na Ram 3500, zinavuta mara kadhaa ya uzito huu, ila usukani wake uko kushoto na spea zake huagizwa kutoka mbali. Mzigo wako ukizidi tani 3.5, nunua lori.

Kwa gari lililotumika, lala chini yake kabla ya kuwasha injini, uangalie chasisi mahali kiungo cha tela kilipofungwa. Niliwahi kuonyeshwa pikapu nzuri sana yenye rangi nyeusi mpya sehemu hiyo tu. Nilipoikwangua kwa ufunguo, ulijitokeza mshono wa kuchomelea wenye urefu wa kiganja, na upande wa pili ufa ulikuwa umeshaanza kuupita mshono huo. Muuzaji alisema ni kutu tu. Nilimrudishia ufunguo wake.