Runinga haikuwa mbovu: uzoefu wangu na duka la waya Kariakoo na fundi wao

Nianze na waya, nisije nikaonekana namwonea mtu. Waya wa HDMI, ule wa kuunganisha kompyuta na runinga, niliouziwa na duka hili ni mzuri. Haulegei kwenye tundu, picha haikatiki, sauti inapita vizuri. Mngeniuliza jioni ya siku niliyoununua ningewaambia nendeni, bei yao ni ya haki. Kilichonikalisha niandike ni yule fundi wao, na jinsi duka zima lilivyosimama nyuma yake.

Mimi nafundisha masomo ya ziada nyumbani kwangu Tabata, watoto wa darasa la sita na la saba. Runinga ya inchi 43 niliinunua kwa ajili yao, maana nimechoka kuchora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula ubaoni kila mwaka, na wa nyuma hawaoni. Nikachomeka kompyuta, picha ikaja, lakini kingo zote nne zimeliwa. Ule mstari wa chini wa Windows wenye saa umebaki kama uzi. Alama ya kufungia dirisha kule juu kulia haipo. Na majina ya pembeni ya mchoro yamekatwa: "utumbo mpana" umekuwa "mbo mpana", "kongosho" imekuwa "kongo". Mtoto mmoja alinakili "kongo" kwenye daftari lake vilevile. Ana haki, ndicho alichoonyeshwa na mwalimu wake. Kwa hiyo msiniambie ni jambo dogo la kingo tu.

Nikarudi dukani na picha niliyoipiga kwa simu. Muuzaji aliitupia jicho mara moja. "Waya wa elfu kumi, mwalimu, ulitegemea nini?" Akanitolea mwingine wenye ncha za rangi ya dhahabu, elfu arobaini na tano. Nikakataa, na nikamwambia sababu. Waya wa HDMI unapitisha data ya kidijitali. Ukiwa na hitilafu, picha inakatikakatika, inatoa vidoa vinavyometameta, au inapotea na kurudi. Hakuna waya duniani unaokata picha kwa kipimo kilekile juu, chini, kushoto na kulia. Akaguna. Akasema basi kama si waya ni runinga, atanitumia fundi wao, elfu thelathini kuja nyumbani. Nikalipa, nikapewa risiti.

Fundi alikuja mchana, watoto wapo darasani. Hakugusa rimoti. Narudia, hakugusa rimoti hata mara moja. Alikaa kwenye benchi la watoto, akavuta kompyuta, akaingia kwenye programu ya kadi ya picha, yaani ile inayosimamia picha inayotoka kwenye kompyuta, na kuanza kuipunguza picha kidogo kidogo mpaka kingo zikaonekana. Akasema, "Tayari."

Haikuwa tayari. Kingo zilirudi, ndiyo, lakini maandishi yote yalififia, herufi ndogo zikawa kama zimelowa maji. Nikamuuliza mbona hivi. Akaniambia kioo kimechoka, hizi runinga za Kichina ndivyo zilivyo, kubadilisha kioo ni laki mbili na themanini na anaweza kuichukua siku hiyohiyo. Runinga ambayo karatasi zake za plastiki zilikuwa bado hazijabanduliwa pembeni! Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, "Kaka, huoni tungeangalia kwanza mipangilio ya picha ya runinga yenyewe?"

Akacheka, akawageukia watoto, akasema: "Mwalimu, wewe shika chaki. Haya mambo ya umeme tuachie wenyewe."

Mbele ya wanafunzi wangu. Ndani ya nyumba yangu, kwa pesa yangu. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kumjibu hivyo mtoto aliyeuliza swali, hata swali la kipuuzi, na langu halikuwa la kipuuzi. Lilikuwa ndilo jibu lenyewe.

Maana kilichokuwa kinatokea ni hiki, na mtu anayejiita fundi wa runinga anapaswa kukijua kama anavyojua jina lake. Kinaitwa ovaskani. Enzi za TV za chogo picha haikukaa sawa kwenye kingo, kila kioo kilitofautiana na mwenzake. Watengenezaji wakawa wanaikuza picha kidogo ili zile kingo mbaya zijifiche nyuma ya fremu, na vituo vya matangazo navyo vikazoea kutoweka kitu cha maana pembeni kabisa. TV bapa za leo hazina shida hiyo, lakini nyingi zimeirithi tabia: zikipokea picha zinaikuza kwa asilimia chache na kukata kilichozidi. Ukitazama mpira hutagundua, hakuna mtu anayehesabu nyasi za pembeni. Ukichomeka kompyuta unagundua hapohapo, kwa sababu kwenye kompyuta mambo mengi ya muhimu yamewekwa pembeni kabisa.

Sasa tazameni alichofanya mtu huyu. Runinga inaikuza picha, yeye akaiambia kompyuta iipunguze. Picha moja imebadilishwa ukubwa mara mbili, mara ya kwanza na kompyuta, mara ya pili na runinga, na kila nukta iliyokuwa na mahali pake sasa imegawanywa kwa jirani zake. Ndiyo maana herufi zilififia. Ukungu alioniambia ni uchovu wa kioo aliuleta yeye mwenyewe, kwa mikono yake, dakika chache kabla ya kunitajia bei ya kuuondoa. Sijui kama ni ujinga au ni mbinu. Nikiwa nimetulia nasema ni ujinga. Nikikumbuka ile laki mbili na themanini, nasema hapana, mtu hawezi kuwa mjinga kwa faida kiasi hicho.

Nilikwenda dukani kulalamika, sikusikilizwa. Bosi alikuwa kwenye simu, muuzaji akanijibu huku anamhudumia mteja mwingine. Lakini hapa lazima niseme ukweli, maana kuna mtu mmoja pale asiyestahili kuunganishwa na wenzake. Kijana anayefunga mizigo mlangoni alinifuata nje. "Shikamoo mwalimu." Akaomba aone ile picha kwenye simu, akaitazama kweli, akauliza runinga ni ya aina gani. Akanieleza kwamba kwenye rimoti, sehemu ya ukubwa wa picha, kuna chaguo linalozuia ukuzaji, ila kila kampuni imelipa jina lake: LG wanaandika "Just Scan", Samsung "Screen Fit", Sony "Full Pixel", Sharp "Dot by Dot". Nisipoliona, niende mahali pa kubadilisha jina la tundu la HDMI nililochomeka, niliite "PC", maana runinga nyingi zikiona jina hilo zinaacha kuikuza picha zenyewe. Halafu kwenye kompyuta nirudishe kila kitu alichovuruga fundi, niweke kipimo cha nukta 1920 kwa 1080 ambacho ndicho cha runinga yangu.

Nilifanya hivyo jioni. Saa ya chini ikaonekana, kongosho ikarudi na herufi zake zote, na maandishi yakawa makali hata kwa mtoto wa benchi la mwisho. Hakuna kilichofunguliwa wala kununuliwa. Kazi yote ilikuwa fupi kuliko muda ambao fundi aliutumia kunidharau.

(Wenye shida ya runinga kuandika hakuna mawimbi, hilo ni jambo jingine. Hakikisheni tundu mlilochagua kwa rimoti ndilo lenye waya, kisha bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na P, mchague kunakili picha. Na kama picha ipo na sauti inatokea kwenye kompyuta, bonyezeni alama ya spika mchague runinga. Msimlipe mtu kwa hayo.)

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu. Moja ya waya, mbili za yule kijana. Niliona si haki kuwafungia watu biashara kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja.

Kisha nikampata bosi kwa simu. Nikamweleza kila kitu taratibu, kuanzia kingo mpaka ukungu mpaka chaki. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema elfu thelathini ni ya fundi kufika, na fundi alifika. Nikamuuliza, na maneno aliyoyasema mbele ya watoto? Akasema, "Mwalimu, mafundi ndivyo walivyo, usiyaweke moyoni."

Basi naziondoa nyota mbili. Inabaki moja, na hiyo si ya duka, ni ya kijana wa mlangoni, naye simtaji wala simwelezi sura asije akafukuzwa kazi kwa kosa la kumsaidia mteja. Kuhusu waya, siwezi kusema uongo kwamba ni mbaya, bado natumia huohuo na bado ni elfu kumi. Lakini mkienda kuununua, nunueni mtoke. Msiwaambie mna tatizo. Mkitajiwa fundi, kataeni. Na mama yeyote anayesoma hapa, au mzee yeyote, ambaye ameshaambiwa na mtu wa namna hii kwamba kioo kimekwisha na picha yake imekatwa pande zote nne sawasawa: usiitoe runinga nyumbani. Shika rimoti kwanza.

Ninachodai ni vitu viwili. Elfu thelathini yangu, na fundi aje aombe radhi pale pale kwenye benchi alipokalia, watoto wakiwepo. La pili najua watalicheka, lakini kwangu ndilo kubwa, kwa sababu siku ile baada ya yeye kuondoka binti mmoja wa darasa la saba, anayependa sana sayansi, aliniuliza kama ni kweli walimu hawaruhusiwi kugusa mambo ya umeme. Nilimjibu. Bado nataka asikie jibu hilo kutoka kwa aliyesema.

Risiti ninayo, imeandikwa "matengenezo ya runinga". Nitarudi nayo dukani wiki ijayo, na wakinijibu tena kwamba fundi alifika, nitaipeleka Tume ya Ushindani, wanaolinda haki za wateja.