Kelele za Upepo kwenye Pikipiki: Ununue Nini Kwanza Kulinda Masikio

Ukitoka Arusha kwenda Moshi kwa pikipiki, mpaka Usa River ni foleni, matuta na daladala zinazosimama bila taarifa. Hapo masikio hayana shida kubwa. Kazi inaanza barabara ikifunguka, kuanzia Kikatiti kuelekea njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA na Bomang'ombe, tambarare tupu, upepo unakupiga ubavuni na wewe unavuta mafuta ili uwahi. Ukifika Moshi kichwa kinavuma, na mtu akikusalimia unamwambia arudie. Wengi wanadhani ni uchovu wa safari. Ni masikio yanaumizwa, na wauzaji wa vifaa vya pikipiki hawakuambii hata siku moja.

Ukifika mwendo wa kilomita 60 mpaka 70 kwa saa, kelele ya upepo ndani ya helmeti inaizidi ya injini. Ukifika 100, ndani ya helmeti kunafika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 95 au zaidi. Wataalamu wa afya kazini wanakubali desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unagawanywa kwa mbili: 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa. Safari ya Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80. Piga hesabu mwenyewe, kisha uweke na ya kurudi. Seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, ndiyo maana mtu anaanza kushindwa kuwaelewa watoto na wanawake wakati sauti nzito bado anazisikia vizuri, na anajiona mzima.

Kwa hiyo panga manunuzi yako hivi.

La kwanza: viziba masikio vya sponji

Hivi ndivyo vya bei rahisi kuliko vyote nilivyoorodhesha hapa, na ndivyo vinavyozuia kelele nyingi kuliko vyote. Viulizie kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, wanakouza gamboti, glovu na vizibao vya kung'aa, au kwenye duka kubwa la dawa. Ni vile vile wanavyovaa watu wa mashine za mbao na viwandani. Soma pakiti: za Marekani zimeandikwa NRR, za Ulaya SNR, na namba inayofuata ni desibeli ambazo kiziba kinapunguza. NRR 29 mpaka 33 ni nzuri sana. Ila namba hiyo imepimwa maabara kwa mtu aliyevaa vizuri. Barabarani utapata pungufu, na ukivaa vibaya utapata pungufu mno.

Kuvaa ndiko kunakowashinda watu, halafu wanasema havifanyi kazi. Nawa mikono. Kisokote kiziba kwa vidole mpaka kiwe chembamba, kisiwe na mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, livute sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, kisha kiingize na ukishikilie kwa kidole sekunde 20 mpaka 30 kikiwa kinajaa. Halafu ziba masikio yote mawili kwa viganja: kama kelele za nje zimepungua sana ulipoweka viganja, kiziba hakijakaa, kitoe uanze upya. Kikikaa vizuri, sauti yako mwenyewe utaisikia nzito.

Chagua kifupi kisichotokeza nje ya tundu, maana helmeti inapoingia inakikamata na kukivuta. Kikichafuka au kikiacha kujaa, tupa. Kwa vumbi letu la Kisongo na Mererani hakidumu, na ni bora upoteze hela hiyo ndogo kuliko kupeleka uchafu sikioni. Mwenye sikio linalotoa usaha au linalouma asivae mpaka atibiwe.

Kuna hofu kwamba hutasikia honi ya lori. Kwenye mwendo wa barabara kuu kiziba kinapunguza upepo na honi kwa pamoja, na honi bado inajitokeza juu ya upepo, sasa kwenye sikio lisilozidiwa. Mjini ni kitu kingine. Kama unabeba abiria Ngarenaro au unazunguka stendi ya Moshi kwa mwendo wa 30, huvihitaji, na unahitaji kumsikia abiria. Vivue.

La pili: helmeti ya kufunika uso wote, inayokubana

Hii namba mbili ni kwa upande wa kelele tu. Kwa uhai wako helmeti ni namba moja na haina mjadala, wala kiziba hakichukui nafasi yake. Nasema hivyo kwa sababu wengi wanaamini helmeti nzuri inatosha kulinda masikio. Haitoshi. Hata ya bei mbaya, upepo unaingia kwa chini, shingoni na chini ya kidevu, na mngurumo ule mzito unapenya ganda lenyewe.

Helmeti ya nusu kichwa inaacha sikio karibu wazi. Ya uso wote inasaidia, mradi ikukae. Ivae dukani, funga mkanda, kisha ishike uizungushe: mashavu yaende nayo. Ikizunguka yenyewe huku kichwa kimetulia, ni kubwa, irudishe. Sponji za mashavu zigandamize kiasi, maana zitalegea zenyewe kwa matumizi. Kioo kishuke mpaka chini bila kuchezacheza. Ile yenye kikofia cha jua mbele, ya mtindo wa mashindano ya matope, inakamata upepo na kuvuta shingo. Tafuta alama ya E ndani ya duara, ni ishara ya kiwango cha Ulaya, ingawa stika za kubandika nazo zipo, kwa hiyo ishike na uikague helmeti yenyewe. Ya mtumba sikushauri hata kidogo: sponji ngumu ya ndani ikishapata ajali moja kazi yake imekwisha, na kwa nje huoni kitu.

Ongeza skafu laini ya shingoni, ijaze ule uwazi wa chini ya kidevu. Asubuhi za Juni na Julai utaivaa kwa baridi tu, kumbe unazuia na kelele.

La tatu: viziba vyenye kichujio

Vimetengenezwa kwa plastiki laini na vina tundu dogo la kuchuja. Vinazuia kidogo kuliko sponji, mara nyingi SNR 17 mpaka 20 hivi, lakini maneno unayasikia vizuri zaidi na vinaoshwa kwa maji na sabuni. Alpine MotoSafe ni mfano, ila huenda ukaagiza. Vinamfaa anayeongoza wageni kwa pikipiki na lazima aongee njiani. Vile vya kupimwa sikio na kutengenezewa ni vizuri zaidi, lakini kwa bei yake sivipi nafasi kwenye orodha ya mtu wa kawaida.

La mwisho: kioo cha mbele cha pikipiki

Usikimbilie hiki. Kioo kifupi kinaurusha upepo uliovurugika moja kwa moja kwenye helmeti, na kelele inaongezeka. Kabla ya kununua, ukiwa kwenye barabara nyoofu isiyo na magari, inua kichwa kidogo kisha kiinamishe. Kelele ikibadilika sana, tatizo ni urefu wa kioo ulicho nacho, na pengine kukishusha au kukitoa kabisa ndiyo tiba.

Usinunue pamba, inazuia kidogo mno. Na spika za masikioni za muziki zinaongeza madhara, kwa sababu lazima uzifungue mpaka zizidi upepo.

Kushusha mwendo kutoka 100 hadi 80 hakuuzwi dukani, lakini kunapunguza desibeli kadhaa, na abiria wako ambaye hana kiziba naye ananufaika. Mnunulie na yeye jozi kama mnasafiri mbali. Na kama masikio yako yanalia hata baada ya kulala usiku mzima, nenda ukapimwe usikivu. Kwa watu wa Moshi na jirani, hospitali ya KCMC wana kitengo cha masikio, pua na koo.