Mwaka mzima sinagogini: usianzie pale nilipoanzia mimi

Nilipomwambia rabi kwamba nataka kuingia katika Uyahudi, hakunipa kitabu. Alinipa kalenda ya ukutani, akaniambia nizunguke nayo mwaka mzima, sikukuu baada ya sikukuu, halafu ndiyo tuongee. Mwaka umekwisha. Haya ni maoni ya mgeni aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nilianzia pale wengi wanapoanzia: Rosh Hashana, yaani Mwaka Mpya, na siku kumi za toba zinazoishia Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Ukumbi ulifurika mpaka viti vya plastiki vikapangwa kwenye korido. Mlangoni nikaulizwa tiketi. Tiketi gani? Hakuna aliyenidokezea kwamba siku hizo nafasi huwekwa mapema. Nilisimama nje mpaka mama mmoja akanishika mkono na kumwambia bawabu, "Huyu yuko na mimi." Ndani, kitabu cha sala kinafunguliwa kutoka kulia, Kiebrania kinakimbia, na namba ya ukurasa inatajwa mara moja tu, tena kwa kunong'ona. Kwa mapokezi nawapa nyota mbili, na zote mbili ni za yule mama.

Shofari, hata hivyo, ni habari nyingine. Ni pembe ya kondoo dume, na desturi ni kuipuliza milio 100. Mpulizaji wetu alianza na hewa tupu, akafuta midomo, akarudia. Sauti yake haina utamu wa tarumbeta, inakwaruza. Ulipofika mlio wa terua, ule wa kukatikakatika, mtoto mchanga mbele yangu akaangua kilio, na hakuna aliyegeuka kumtazama mamake kwa jicho baya.

Yom Kippur unafunga saa 25, bila chakula wala maji, na viatu vya ngozi havivaliwi. Nitawakumbuka daima wale wazee wenye suti za heshima na raba za kitambaa. Alasiri, kinaposomwa kitabu cha Yona, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Wenyewe walirudi kwa ajili ya Neila, sala ya kufungia, ambapo sanduku la Torati huachwa wazi na watu husimama hadi miguu ianze kutetemeka.

Baada ya hapo ule umati sikuuona tena.

Siku nne tu zinafuata kabla ya Sukkot, Sikukuu ya Vibanda, na kibanda hakijijengi. Tulijitokeza watu kumi na mmoja. Paa lake lazima liwe la kitu kilichoota ardhini kisha kikakatwa: kivuli kizidi jua, lakini usiku nyota zionekane. Nilikuwa juu ya ngazi, natupia matawi kwa fujo, nikidhani mengi ndiyo mazuri. Mzee mmoja akalala chali chini, kwenye nyasi, akafumba jicho moja. "Hapo umeziba mno. Vuta kidogo. Kidogo, nimesema!" Kamba zikawa fupi, ukuta wa turubai ukawa unapepea kama tanga, tukaunganisha vipande kwa mafundo. Wakati tunashuka, wote walikuwa wanajua jina langu. Kesho yake mchana nilikaa ndani ya kile kibanda na kushikishwa mtende, mihadasi, mierebi na etrogi, tunda la jamii ya limau ambalo harufu yake ilibaki kiganjani hadi usiku.

Hanuka, Sikukuu ya Taa, ibada yake ni fupi na tamu. Mshumaa wa kwanza niliukosa kwa ujinga wangu: kalenda ilisema Jumatatu, nikaenda Jumatatu jioni. Siku ya Kiyahudi huanza jua likizama, kwa hiyo ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Mswahili mzima kukosea hapo ni aibu! Purim nayo nendeni na masikio yaliyojiandaa. Kila Hamani, yule adui wa Wayahudi, anapotajwa katika kitabu cha Esta, ukumbi mzima hupiga kelele na kugonga meza, na msomaji husubiri kwa uvumilivu wa ajabu.

Pasaka nina malalamiko. Seder, yaani karamu ya usiku wa Pasaka, tuliyokula pamoja ilipangwa vizuri, maswali manne yaliimbwa na kitoto chenye pengo, lakini kati ya jani la kuchovya kwenye maji ya chumvi na chakula chenyewe kulikuwa na hotuba nne ambazo hazimo kitabuni. Mkate usiotiwa chachu huokwa kabla dakika 18 hazijapita tangu unga ukutane na maji. Wasemaji nao wangepewa dakika hizo hizo.

Shavuot, Sikukuu ya Majuma, baada ya kuhesabu siku 49 tangu Pasaka, tulisoma hadi alfajiri, kisha kitabu cha Ruthu, mgeni aliyesema "watu wako watakuwa watu wangu". Watatu waligeuka kuniangalia. Nikajifanya natafuta ukurasa.

Tisha B'Av, siku ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu, ndiyo iliyonifunga kwao. Niliingia na kusema shalomu. Kimya. Nikasema tena. Kimya kile kile, nikajiuliza nimekosa nini. Siku hiyo watu hawasalimiani, ndiyo desturi, ila mimi niliijua baada ya kutoka. Taa zilikuwa zimezimwa, watu kumi na wawili wamekaa sakafuni, Maombolezo yakisomwa kwa mwanga wa tochi. Mzee wa kibandani alisogea kidogo na kupigapiga sakafu pembeni yake, bila neno.

Maji ya kuzamia ili kubadili dini bado sijayafikia, rabi hana haraka. Lakini orodha ya wajenzi wa kibanda imebandikwa ubaoni na jina langu ni la pili. Kamba nitakuja nazo mwenyewe.