Mpira wa shingoni: nilivyohama kituo cha dialize Lubumbashi

Nilianza dialize, yaani kusafishwa damu kwa mashine, mwezi wa tano, katika kituo ambacho sitakitaja. Figo zilikuwa zimekwisha, hakukuwa na muda wa kungoja, kwa hiyo nikawekewa katheta, ule mpira wenye midomo miwili unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Mara 3 kwa wiki, saa 4 kila kikao. Mashine zao sikuwa na neno nazo.

Shida ilikuwa mikono. Muuguzi aliufungua mpira bila barakoa, huku akizungumza na mwenzake. Bandeji ilibanduka pembeni, vumbi likaingia, hakuna aliyeibadilisha. Katikati ya Juni, nusu saa baada ya kuunganishwa, nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Nikadhani ni baridi yetu ya mwezi wa sita; mke wangu akasema malaria. Tulipofika nyumbani Katuba homa ikashuka. Kikao kilichofuata ikarudi vilevile. Ndugu zangu wenye mpira, homa ikikupanda ukiwa kwenye mashine, shuku mpira kwanza, na useme papo hapo. Vijidudu hujishikiza ndani ya mrija, damu inapopita inavibeba, na vinaweza kufika moyoni au kwenye uti wa mgongo.

Mtoto wa dada yangu akanipeleka kituo cha pili. Walinitoa damu ya kupima vijidudu kabla ya kunipa antibiotiki, wakauondoa mpira ule, na baadaye wakaweka mwingine. Gharama ilituumiza, tuliuza friji. Lakini huku wanajua kazi! Kila mara muuguzi ananiambia, "Papa, vaa barakoa, geuza uso upande ule." Ananawa mikono, anavaa glavu, anasugua midomo ya mpira kwa dawa na kungoja ikauke ndipo aunganishe. Siku moja nililazwa wodi nyingine, wakataka kunitundikia serumu kwenye mpira huo huo. Yule muuguzi wa dialize alikuja mwenyewe kuwakataza, maana mpira huo ni wa dialize tu.

Lawama yangu kwao ni moja, foleni ya asubuhi ni ndefu mno kwa mtu mgonjwa.

Naoga kwa kitambaa, shingo haiguswi na maji. Wamenitengenezea fistula mkono wa kushoto, yaani mshipa wangu mwenyewe uliounganishwa na ateri ili mashine ichukue damu hapo bila mpira wowote, na nikiuwekea vidole nausikia unavyovuma. Ukikomaa vya kutosha kuchomwa sindano, huu wa shingoni utatolewa. Ninahesabu wiki.