Taima ya duara jekundu: miezi minane kando ya cherehani yangu

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na magauni ya vitenge hapa Mwananyamala. Nina miaka 38, na mwaka juzi ndipo niliambiwa rasmi kuwa nina usonji (autism). Mwanangu ndiye aliyenitangulia. Kila swali aliloulizwa kliniki kuhusu yeye, nilijikuta najijibia mimi moyoni. Wanawake wengi tunagundulika hivyo hivyo, kupitia mtoto. Daktari wa akili aitwaye Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wenye usonji aliowachunguza, wanane walikuwa wavulana, na sura iliyobaki vichwani mwa watu ni ya mtoto wa kiume. Msichana aliyejifunza kutabasamu kwa kuwatazama wenzake anaambiwa ni mpole, basi.

Taima hii, yaani saa ndogo ya kuhesabu dakika, nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 22,000. Ukubwa wake ni kama kisosi cha chai. Unazungusha kitufe cha katikati mpaka dakika unazotaka, mwisho 60, duara linajaa wekundu, halafu wekundu unapungua taratibu hadi uishe. Wazo lenyewe lilitoka kwa Jan Rogers, mama mmoja wa Ohio, Marekani, ambaye binti yake mdogo alikuwa haachi kuuliza muda umebaki kiasi gani. Ya kwake inaitwa Time Timer. Yangu ni ya kuiga, haina hata jina la kampuni.

Shida yangu ni kwamba mwili hauniletei habari mapema. Nikishakaa kwenye cherehani njaa siisikii, kiu siisikii, na haja ndogo naisikia ikiwa imeshanibana. Januari iliyopita, msimu wa sare, nilishona tangu asubuhi hadi alasiri bila tone la maji, na joto la Dar mnalijua. Nilipoinuka nikaanguka kando ya meza ya kukatia. Kwa miaka yote kazi ya kunikumbusha ilikuwa ya mama: kula, kunywa, pumzika, utadhani ana mtoto wa miaka sita. Alikuwa ananipenda, na mimi nilikuwa naumia.

Alamu ya simu nilishaijaribu. Inalia ghafla, moyo unaruka, na nikiizima macho yanakutana na meseji za wateja, ndiyo nimepotea. Duara hili naliona likipungua kama unavyoona mafuta yakishuka kwenye kibatari cha chupa. Kwangu "dakika ishirini" ni maneno tu, lakini kipande chekundu kilichobaki nakielewa. Kikiwa chembamba namalizia mshono, nakata uzi, na mguu unatoka kwenye pedali kwa hiari yangu.

Naiweka dakika 45. Kando yake nina kikopo chenye vifungo vitatu: cheupe cha maji, cha njano cha chakula, cheusi cha choo. Wekundu ukiisha nahamisha kimoja kimoja kwenye kikopo cha pili. Sijiulizi kama nina kiu, maana jibu litakuwa hapana kila siku. Nakunywa nusu glasi kwanza, na mara nyingi ni hapo ndipo koo linaniambia lilikuwa limekauka. Hii ya vifungo nimeibuni mwenyewe, na bila hiyo taima ingenisaidia nusu tu.

Kasoro zipo. Inatoa mlio wa tik-tik mdogo. Kwenye kelele za cherehani hausikiki, lakini usiku chumbani siuvumilii, nimeizungushia kipande cha sponji. Kengele ya mwisho ni kali kupita kiasi, nimeiziba kwa plasta. Ya kwanza niliyouziwa iligoma ikifika dakika ya 10, ikabidi niirudishe. Wekundu umeanza kupauka kwa jua la dirishani. Na haijui kuhesabu zaidi ya saa moja, kwa hiyo kwa kazi ndefu unairudia.

Lingine ni watu. Wekundu ukionekana, ndani ya nyumba hii hakuna anayenisemesha mpaka uishe, na ilichukua wiki kadhaa wakazoea. Mama ndiye aliyelishika mapema kuliko wote. Siku hizi anachungulia mlangoni, anaitazama saa, anarudi zake jikoni, halafu tunakutana mezani muda ukifika. Sijaanguka tena, na ile kauli ya "umekula wewe?" sijaisikia tangu Ramadhani.

Ukienda kununua, usikubali kufungiwa kwenye mfuko haraka. Isogeze sikioni usikie mlio wake, kisha iweke dakika tano na usimame hapo hapo mpaka ziishe. Muuzaji wangu wa pili alinuna kidogo, nikasubiri hivyo hivyo.