Wakala wa kuchunguza waombaji kazi: vyeti sawa, mitandao hapana

Tulipotafuta mhasibu wa ofisi yetu ya utalii hapa Arusha, tulimlipa wakala mmoja atuchunguzie waombaji, naye akahakiki vyeti kwa umakini na kwa wakati. Lakini ukurasa wa tatu wa ripoti ulibeba picha ya Facebook ya mwombaji akiwa mjamzito, na dini yake imepigiwa mstari. Nilishtuka, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa aina hiyo hata kwa anayeomba kazi, na dalili za ubaguzi zikionekana, mwajiri ndiye hutakiwa kujitetea. Nitasemaje kwamba sikuiona? Wala hakuna mwombaji aliyeombwa ridhaa, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za dini kuwa nyeti. Kwa vyeti, nitamtumia tena.