Mwaka mzima bila dishi la kulipia, hapa Mishomoroni, Mombasa

Nianze na siku yenyewe manake kila mtu ananiuliza kwani uliishiwa ama nini. Ilikuwa Jumapili, Arsenal wako uwanjani, kipindi cha kwanza kimeisha tunaongoza, nikaenda jikoni kuchukua chai. Kurudi, skrini nyeusi, kuna maandishi yanasema huduma imesitishwa, tafadhali lipia. Nilipie nini na mimi nshalipa jana yake? Ujumbe wa M-Pesa ninao kwenye simu, elfu mbili mia tisa zimetoka. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaekewa muziki, muziki, muziki, mwisho dada wa watu akaja akaniambia zima dikoda, chomoa waya, subiri dakika tano, washa. Nikafanya. Hamna. Rudia tena. Hamna. Picha ilirudi saa tatu usiku, na hapo jamaa wa maskani washanitumia matokeo na vikatuni vya kunicheka. Tulisawazishiwa dakika za mwisho, hilo halikuwa kosa la kampuni, hilo ni letu wenyewe.

Sasa si mpira ulionikata. Kilichonikata ni saa moja jioni mamangu anataka taarifa ya habari, naambiwa hata Citizen imefungwa, hata KBC. KBC! Chaneli ya taifa, ambayo jirani yangu anaipata kwa kiantena cha dirishani bila kumpa mtu hata shilingi. Mamangu akaniuliza, "Baba, kwani hizi habari nazo mwalipia?" Nikakosa jibu.

Usiku huo mke wangu ndo akanifungua macho. Akaniambia, "Baba Swabra, hebu nihesabie, kati ya hizo chaneli mia na kitu sisi twaangalia ngapi?" Tukahesabu kwa vidole. Citizen, NTV, KTN, KBC mara mojamoja, TV47 siku za mijadala, halafu katuni za watoto, halafu mpira wangu. Saba. Tano kati ya hizo saba ziko hewani bure. Yaani nimekaa miaka sita nalipia dishi lije likanipe vitu ambavyo vinapita juu ya bati langu mchana na usiku.

Wa umri wangu mnakumbuka 2015 analojia, ule urushaji wa TV wa zamani, ilipozimwa. Zile stesheni kubwa zilivutana na serikali zikakaa nje ya hewa karibu wiki tatu kati ya Februari na Machi, watu tunaangalia chengachenga tu. Wakati ule ndo wengi tuliingia kwenye mtego, tukadhani dijitali maana yake ni kulipa. Si kweli. Dijitali ni namna ya kurusha tu, zile chaneli za bure zilibaki bure, unachohitaji ni TV ama dikoda inayosoma mfumo wa DVB-T2 na antena ya UHF, ile ya kawaida ya TV. Basi. TV yangu nilinunua 2017, siku ile ya dishi kukatwa nikaipindua nikaangalia ile stika ya nyuma, nakuta imeandikwa DVB-T2 pale wazi kabisa. Imekaa na hiyo kitu ndani muda wote huo, sijawahi kuigusa.

Angalieni hiyo stika vizuri kabla hamjatoa pesa. Shemeji yangu ana TV ya mtumba ya kutoka Uingereza, kubwa, nzuri, lakini ni DVB-T ile ya kwanza bila hiyo mbili, huku kwetu haishiki kitu. Ilibidi anunue kidikoda kidogo cha bure, elfu moja mia nane, ndo akapata chaneli. Unakinunua mara moja, hakina malipo ya mwezi.

Fundi alitaka elfu moja mia tano ya kupanda juu tu. Nikasema la, nitapanda mwenyewe. Nikaenda mjini Digo Road nikachukua antena ya nje ya vijiti, elfu moja mia mbili, na kiadapta cha shilingi mia, manake kile kichwa cha waya wa dishi ni cha kuskuruu na tundu la nyuma ya TV ni la kuchomeka, haviingiliani. Hiki kiadapta usipokinunua siku hiyohiyo utarudi mjini, mimi nawaambia. Waya sikununua. Ule waya mweusi wa dishi ndo huohuo unafaa kwa antena, na nguzo ya dishi ndo huohuo mlingoti. Hapo niliokoa kama elfu.

Kung'oa dishi sasa. Wanaokaa pwani wanajua, hewa yetu ina chumvi, nati zote nne zilikuwa zimeshikana kwa kutu mpaka huoni pale nati inapoanzia. Nikamwagia mafuta ya cherehani ya mamangu, nikangoja, nikarudi, ikakatika moja, nyingine tatu zikakubali. Nilipofungua kile kichwa cha waya pale kwenye dishi nakuta shaba ya katikati imekuwa kijani kama chawa wa mchicha na ndani mna maji. Kumbe zile siku za masika picha inapotea saa nzima si mvua peke yake. Mvua kubwa kweli inakata dishi, mawimbi ya setilaiti hayapendi maji angani, lakini mimi nilikuwa pia na maji ndani ya waya. Na fundi wao alikuja mara mbili akachukua pesa ya kuelekeza dishi upya. Nikakata kama shubiri mbili za waya mbovu, nikamenya upya, nikafunga kichwa kipya, nikazungushia ile tepu ya mpira kuanzia chini kwenda juu ili maji yateremke nje yasiingie kwenye mkunjo.

Antena uelekeze wapi? Mimi sikutumia programu yoyote ya simu. Nilisimama juu ya bati nikatazama za majirani, zote zimeangalia upande mmoja kama mbuzi wanaokwepa mvua. Nikaelekeza hukohuko.

Mara ya kwanza kutafuta chaneli, sifuri. Nimejaa jasho juani, mpwa wangu ananipigia kelele kutoka ndani, "Mjomba hakuna!" Nikashuka. Kumbe kwenye setingi TV ilikuwa imewekwa kebo badala ya antena. Ukibadilisha hapo ndo inatafuta hewani. Tukarudia, nikawa nimesimama nyuma ya mpwa naangalia ile asilimia inapanda, ishirini hakuna kitu, thelathini hakuna, moyo unaenda mbio kama naangalia penati, ilipofika arobaini na kitu zikaanza kumwagika kwa mpigo. Thelathini na sita! Mpwa akaruka.

Lakini kushika si kutulia. Nyingine zilikuwa zinakatakata, mtu anasoma habari uso umegawanyika vipande vya mraba. Kwenye TV kuna sehemu inaonyesha vitu viwili, nguvu na ubora, na hapa wengi wanakosea wanaangalia nguvu. Nguvu yangu ilikuwa sabini na ubora ishirini. Angalia ubora. Nikapanda tena, nikaanza kuzungusha antena kidogo, upana wa kidole tu, nangoja, nazungusha, huku chini "imekuja!" "imeenda!" "rudisha, rudisha, hapohapo Mjomba usipumue!" Ikafika sitini na kitu nikakaza. Halafu nikafanya ujinga, nikanunua busta, kile kidude cha kuongeza nguvu ya mawimbi, ya mia sita nikidhani nitapata chaneli zaidi. Zikapungua. Kama mawimbi yanakufikia vizuri busta inayavuruga, inaongeza kelele na inaishindilia TV. Busta ni ya walio mbali ama waya mrefu sana. Ipo kwenye droo, anayeitaka aje na mia tatu.

Sasa hali ilivyo baada ya mwaka. Picha, wallahi, ni safi kuliko kwenye dishi, hasa Citizen na NTV, sijui kule walikuwa wanaibana vipi lakini maandishi ya chini yalikuwa yanatetemeka na sasa yametulia. Masika yote ya mwaka huu tumeangalia habari mvua ikipiga bati mpaka sauti husikii, picha haikuyumba. Mamangu ana tamthilia zake za jioni, hajui hata kama tumehama, yeye anajua tu rimoti zilikuwa mbili sasa ni moja, na hilo limemfurahisha zaidi ya kitu chochote. Jirani yangu Mjaluo alipojua nashika Ramogi TV, ile ya Kijaluo, akawa mgeni wa kila siku mpaka nikamsaidia kufunga yake.

Mabaya yapo na siyafichi. Katika zile thelathini na sita, tunazoangalia kweli ni kama tisa. Zinazobaki ni wahubiri, wauza dawa za mgongo na muziki wa kujirudia. Matangazo ni mengi, ya kubeti ndo usiseme, Swabra ana miaka saba na anaimba wimbo wa kampuni ya kubeti akioga. Filamu unaweza kukuta ileile uliyoiona Idi iliyopita. Katuni zipo asubuhi na jioni kidogo, si kutwa nzima kama kwenye dishi, na wiki mbili za kwanza wanangu walinitazama kama mtu aliyeuza nyumba. Nikawawekea katuni kwa wifi kupitia simu, lakini msije mkajidanganya, wifi nayo ni pesa, mimi nilikuwa nayo tayari kwa ajili ya kazi ndo maana siihesabu. Kama huna na utaanza kununua bando kwa ajili ya watoto basi piga hesabu zako vizuri.

Kingine, dijitali haina kati. Zamani analojia ikiwa dhaifu unaona chengachenga na sauti unasikia, unavumilia. Hii ikishuka chini ya pale inapotaka inakatika kabisa, kimya. Kaka yangu kule Mtwapa nyumba yake iko bondeni na minazi mbele, ilibidi aongeze bomba la mita tatu.

Na serikali ikiamua kuzima, unazimika. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati ule, alijiapisha pale Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa na hazikurudi siku hiyo wala kesho yake, watu wakafuata mtandaoni. Antena yako inaweza kuwa nzuri namna gani, mtambo ukifungwa umefungwa.

Mpira. Najua ndo mnangoja hapa. Ligi ya Uingereza kwenye chaneli za bure sahau. Kombe la Dunia 2022 KBC walituonyesha, na mechi za timu ya taifa mara nyingi zinapatikana, lakini Jumamosi na Jumapili za ligi huna. Mimi naenda kibandani, shilingi hamsini mechi, naangalia mbili kwa wiki, mia nne kwa mwezi. Kuna benchi la mbao linauma, kuna jamaa wa Man United anayekohoa kwa makusudi tukikosa goli, na stima ikipotea mwenye kibanda ana jenereta ambayo mimi nyumbani sina. Mke wangu hakupenda mwanzoni, akasema umetoa dishi ili upate sababu ya kutoka. Kuna ukweli kidogo hapo.

Wengine wananiuliza pesa uliyookoa iko wapi. Elfu mbili mia tisa mara kumi na mbili ni elfu thelathini na nne mia nane, nikitoa antena, adapta, busta ya ujinga na kibanda bado inabaki karibu elfu ishirini na nane. Sijui iko wapi. Iliingia kwenye unga na tokeni za stima, sikuiona ikipita. Ila sijakopa mwisho wa mwezi kwa ajili ya TV, na ule ujumbe wa "kifurushi chako kinakwisha kesho" hauji tena, ingawa kampuni bado wananitumia ofa, juzi wameniambia nirudi nipewe mwezi nusu bei. Nusu bei ya kitu kinachonifungia KBC.

Kama wewe ni mtu wa mpira kila siku na filamu mpya, baki na dishi lako, sikudanganyi. Kama nyumba yenu ni habari, tamthilia na mzee mmoja anayelala mbele ya TV, mimi nawapa antena nane kwa kumi. Mbili nimezitoa kwa ajili ya kubeti na katuni.

Dishi lenyewe halikutupwa. Mamangu alilichukua akalisugua kwa mchanga na sasa liko uani limelala chali juu ya matofali matatu, anaanikia pilipili, anasema linakausha haraka kuliko uteo kwa sababu linakusanya jua. Antena nayo tangu kusi lianze wiki iliyopita imegeuka kidogo, KTN inakatakata usiku upepo ukizidi, kesho nikipata ngazi ya jirani napanda kukaza ile nati ya nne ambayo nilimwambia mke wangu nshaiweka.